MAONI: Muguka ni Fuliza ya mwili, tuambiane ukweli

Hebu jiweke Muthurwa, Nairobi, saa kumi na moja jioni. Umetandaza mitumba yako kwenye gunia, wateja wanaanza kuja. Mara mtu anapaza sauti: "Kanjo!" Hujafikiria lolote bado, na tayari mwili umeshaamua. Moyo unadunda hadi unausikia masikioni. Kifua kinapanuka, macho yanaona mpaka kona ya mbali. Mdomo umekauka. Ile njaa ya tangu mchana imepotea, na hata mkojo uliokuwa umekubana umesahaulika. Umekunja gunia, uko mbio, na ukiulizwa nguvu hiyo umeitoa wapi hutajua.

Ina inakotoka. Kuna mtandao wa neva unaoanzia kwenye uti wa mgongo na kusambaa hadi kwa moyo, mapafu, mishipa ya damu, utumbo, kibofu na mboni za macho. Wataalamu wanauita mfumo wa neva wa simpathetiki. Ukiona hatari, ncha za neva hizo zinaachilia kemikali iitwayo noradrenalini, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Damu inapelekwa kwa misuli, ini linatoa sukari, tumbo linaambiwa lisubiri. Kanjo akishaenda zake, mfumo wa pili, ule wa breki, unashika usukani. Mate yanarudi, njaa inarudi, na unakumbuka kwamba ulitaka choo.

Sasa ondoka Muthurwa uende base yoyote unayoijua. Vijana watano wameketi kwenye benchi. Kila mmoja ana kifurushi chake cha muguka, njugu, soda na Big G. Hakuna anayekimbia. Hakuna hata anayesimama. Lakini ukishika kifundo cha mkono wa mmoja wao na kuhesabu mapigo, utafikiri ametoka tu kupanda ghorofa ya kumi kwa ngazi. Mdomo mkavu, ndiyo maana soda iko pale. Njaa hana. Choo hakitoki. Macho yamefunguka. Huyu ndugu yetu anakimbizwa na kanjo ambaye hayupo, tena kwa saa nne au tano mfululizo, akiwa ameketi.

Nimekuwa nikitaka kuandika haya tangu ile vita ya Mei 2024. Mtakumbuka Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu, ambako familia za Mbeere zimesomesha watoto kwa jani hilo, Gavana Cecily Mbarire akaja juu. Ikulu ikasema marufuku hayo ni batili kwa kuwa Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023 zinalitambua zao hilo, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Mitandao ilichemka. Upande mmoja ulisema ni sumu inayomaliza watoto wa Pwani. Upande wa pili ukasema ni kilimo, ni karo ya shule, ni mkate. Nilisikiliza pande zote mbili, redioni na mitandaoni, na sikumsikia mtu hata mmoja akitamka neno kathinoni.

Basi acha nilitamke mimi.

Muguka na miraa ni mti mmoja, Catha edulis. Ule wa Igembe, Meru, unachunwa vijiti na kutafunwa ganda. Ule wa Mbeere unatafunwa majani machanga. Kinachompa mtu handas katika yote mawili ni kathinoni. Maabara ya Umoja wa Mataifa ndiyo iliyoitambua mwaka 1975. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wanasayansi walidhani kiungo kikuu ni kingine dhaifu zaidi, kathini. Kilichowapoteza ni kitu ambacho mkulima yeyote wa Maua angewaambia bure: walikuwa wanachunguza majani yaliyokauka. Jani likinyauka, kathinoni inageuka na kuwa kathini na vitu vingine visivyo na nguvu kama hiyo. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya migomba ili ibaki na unyevu, na ndiyo sababu zile pikapu za kutoka Meru huendeshwa kama zimeiba benki. Dereva anashindana na kemia.

Ukichora kathinoni na amfetamini kwenye karatasi, ni kama kuangalia mapacha. Tofauti ni chembe moja ya oksijeni. Amfetamini ndiyo ile iliyotumiwa na majeshi katika Vita vya Pili vya Dunia ili askari wasilale. Sisemi mtu akitafuna muguka ni sawa na kumeza vidonge vya amfetamini. Kutafuna ni polepole. Kathinoni inaingia kwenye damu kidogo kidogo, na kilele kinafika baada ya saa moja na nusu au mbili hivi. Hilo linamlinda mtafunaji kwa kiasi. Lakini mlango unaobishwa ni uleule.

Na mlango huo unafanya kazi hivi. Kwenye ncha ya kila neva kuna vifuko vidogo sana vilivyojaa noradrenalini. Amri ikija, vichache vinafunguka. Kemikali ikishafanya kazi yake, nyingi hunyonywa na kurudishwa ndani ili itumike tena, kama kondakta anayekusanya chenji. Kathinoni inapenya kupitia mlango huo wa kurudishia, halafu inaugeuza: kilichokuwa kinaingia sasa kinatoka. Noradrenalini inamwagika bila amri yoyote na bila hatari yoyote. Kwenye ubongo inamwaga pia dopamini, ile ya raha na hamu. Hapo ndipo stimu inaposhika. Maneno yanakuwa mengi, mipango inakuwa mikubwa, kila mtu ana wazo la kampuni na wote ni wakurugenzi. Nimekaa kwenye mabenchi hayo. Nimeshuhudia Kenya ikirekebishwa yote kabla ya saa sita usiku.

Lakini angalia kilichotokea. Muguka haukukuletea nguvu. Ulifungua kabati lako mwenyewe ukatoa akiba yako. Ndiyo maana mimi huuita Fuliza. Simu inakwambia una pesa, unalipa nauli, unanunua chakula, unajisikia mtu. Kesho mshahara ukiingia, Safaricom wanafika kabla yako. Mwili ni hivyohivyo. Vifuko vikishapungua, tembe ya pili ya majani haifanyi kazi kama ya kwanza, unaongeza, unaongeza, na asubuhi unaamka, kama ulilala, ukiwa mzito, mwenye hasira, huna hamu ya chochote. Watu wa nyumbani wanadhani una kiburi. Kumbe unalipa.

Nilijifunza hili vibaya, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulikuwa na mtihani Jumatatu na Jumatano, na mimi nilikuwa sijasoma muhula mzima, tusidanganyane. Nikachana usiku wa Jumamosi, Jumapili na Jumanne. Kurasa zilikuwa zinaingia kichwani moja kwa moja, nikajiona nimegundua siri ambayo watu wa mbele darasani wanaificha. Jumatano nikaandika kama mashine, nikaomba karatasi za ziada, nikatoka ukumbini natabasamu. Matokeo yalipokuja nikaenda kumwona mhadhiri, nimejaa malalamiko. Akanionyesha karatasi yangu. Nilikuwa nimejibu swali la tatu mara mbili, kwa maneno tofauti kidogo, na swali la tano sikuligusa. Mkono ulikuwa na kasi. Kichwa kilikuwa kimekosa usingizi wa siku nne, na usingizi ndio unaopanga mambo uliyosoma. Kathinoni inaondoa hisia ya uchovu. Uchovu wenyewe unabaki pale pale.

Hilo ni la mtihani, ambao unarudiwa. La moyo ni jambo lingine.

Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alipendekeza kwamba kemikali hizi hazigusi mwili mzima kwa njia moja. Kuna vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Vya alfa, kwa jumla, vinabana mishipa ya damu, na ndivyo pia vinavyofunga shingo ya kibofu, kwa hivyo wewe unayesimama chooni dakika tano usiku wa kuchana bila kitu kutoka, sasa unajua. Beta wa kwanza anaharakisha moyo. Beta wa pili anafungua njia za hewa mapafuni. Kathinoni, kwa kuwa inamwaga noradrenalini ovyo, inausukuma moyo huku ikibana mishipa, ikiwemo ile midogo inayoulisha moyo wenyewe. Ni kama kumwongezea mpishi oda huku ukimpunguzia makaa. Kule Yemen, ambako jani hili hutafunwa mchana na karibu kila rika, madaktari waliolinganisha wagonjwa wa moyo na watu wengine waliona wanaotafuna, hasa wanaotafuna sana, wako katika hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo, na mishtuko mingi iliwajia jioni, saa chache baada ya kikao.

"Lakini ni jani, ni la asili." Jibu hili limenichosha. Koka ni jani. Tumbaku ni jani. Efedrini, ambayo mpaka leo iko kwenye vyumba vya upasuaji kuinua shinikizo la damu likishuka, ilitolewa kwenye mmea ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi. Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga mwaka 1885. Mwili hauna habari kama kemikali imetoka shambani Mbeere au kiwandani.

Na hapa niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana kuna wanaosikia "dawa za kusisimua" na kudhani familia nzima ni ya shetani. Familia hii, iliyopewa jina lake na George Barger na Henry Dale mjini London mwaka 1910, ina watoto wema kweli. Kama una pumu, ile pampu ya buluu mfukoni mwako ni salbutamoli. Inaiga adrenalini, lakini imechongwa ili imbishie hodi zaidi beta wa pili, ifungue mapafu bila kuukimbiza moyo sana. Ndiyo maana ukivuta mara nyingi mikono inatetemeka kidogo: ujumbe mwingine umepotea njia. Na mtu akiumwa na nyuki, uso ukavimba, koo likaanza kufunga, kinachomwokoa ni adrenalini yenyewe, sindano kwenye paja. Inabana mishipa iliyolegea, inausukuma moyo, inafungua kifua, vyote kwa dakika. Dawa ileile ambayo mwili wako humwaga ukimwona kanjo.

Tofauti, basi, haiko kwenye uzuri au ubaya wa kemikali. Iko kwenye nani ameamua, kiasi gani, na kuna nini kingine ndani ya mwili saa hiyo.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotaka kunipokonya binamu yangu.

Ni mwendesha boda Likoni. Kijana mcheshi, mpira anaujua kuliko makocha, na kazi yake ni ya usiku kwa sababu mchana pikipiki ni ya mtu mwingine. Hatafuni kwa raha. Anatafuna ili macho yasifunge. Usiku mmoja alikuwa na mafua makali, lakini bosi wa pikipiki anataka pesa yake, awe na mafua au asiwe nayo. Akatafuna kama kawaida kuanzia saa mbili. Saa nne akapita dukani, akanunua vidonge vya mafua, akameza viwili, na baadaye vingine viwili kwa sababu vya kwanza aliona havijafanya kitu. Saa sita akanunua kinywaji cha kuongeza nguvu, kile cha kopo refu. Saa nane usiku alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akaketi chini, akampigia mamake.

Shangazi aliniambia baadaye kwamba alipomshika kifuani alihisi kama ameshika kuku.

Hebu tuhesabu vilivyokuwa ndani ya kijana huyo. Muguka, unaomwaga noradrenalini. Vidonge vya mafua: vingi vina sudoefedrini au fenilefrini, ambazo zinafungua pua kwa kubana mishipa ya damu iliyovimba ndani yake, lakini ukizimeza haziishii puani. Kinywaji: kafeini. Kafeini si wa familia hii hasa. Kazi yake ni kuzuia kemikali inayoleta usingizi, lakini ikizidi nayo inausukuma moyo na kuamsha adrenalini. Kila kimoja peke yake kinauzwa hadharani, halali kabisa. Vyote vitatu vilikuwa vinakanyaga kichapuzi kimoja.

Kliniki waliyompeleka siitaji, na wala sina ugomvi nayo, muuguzi alikuwa mtu mwema. Alimpima presha, akarudia kupima. Akamuuliza, "Umekula nini leo? Umetumia dawa yoyote?" Binamu yangu, na mamake amesimama pale na leso yake, akasema, "Sijatumia kitu, sista. Ni mafua tu." Akaulizwa tena. Akasema hivyohivyo. Muuguzi akawa anajiandaa kumtibu kama mtu mwenye homa na wasiwasi. Ni mpaka shangazi alipotoka kwenda kulipa ndipo akanong'ona: "Nimetafuna. Na nimekunywa ile ya kopo."

Dakika ishirini na kitu hizo, kutoka kitandani hadi kunong'ona, ndizo zinazonitoa usingizi. Hakuogopa kufa. Aliogopa kuhubiriwa. Kwa sababu kila mara neno muguka linapotajwa kwao, linatajwa kwa sauti ya kumlaani mtu. Jumba la ibada, mkutano wa chifu, tangazo la redio: muguka ni uvivu, ni laana, ni kupotea. Kijana akishasikia hivyo miaka kumi, anajifunza jambo moja tu, kuficha. Na dawa zinazoiga simpathetiki ni mbaya kufichwa, kwa sababu daktari asiyejua anaweza kukuongezea nyingine juu yake.

Hilo la vidonge vya mafua lina kisa ambacho wengi hawakijui. Zamani vilikuwa na kemikali nyingine, fenilpropanolamini, iliyotumiwa pia kwenye vidonge vya kupunguza uzani. Mwaka 2000 wadhibiti wa dawa Marekani waliomba iondolewe sokoni, baada ya kuonekana inahusiana na kiharusi cha kuvuja damu ubongoni, hasa kwa wanawake. Na ndani ya mtu aliyetafuna, ini likishaishughulikia kathinoni, sehemu kubwa yake inakuwa norefedrini, ambayo ni nusu ya fenilpropanolamini hiyohiyo. Yaani kitu walichokiondoa madukani kule, mwili wako unakitengeneza kwenye benchi. Na fenilefrini? Septemba 2023 jopo la washauri wa wadhibiti haohao lilikubaliana kwa kauli moja kwamba ukiimeza kwa vipimo vya kawaida haizibui pua, kwa sababu utumbo na ini huiharibu nyingi kabla haijafika. Kwa hivyo kuna uwezekano mtu anaongeza vidonge juu ya vidonge kwa dawa ambayo puani haifiki. Soma boksi. Jina dogo la chini ndilo jina la dawa. Lile kubwa la rangi ni la biashara.

Kwa wale mnaokimbia mbio, na hii ni Kenya kwa hivyo najua mko wengi: kathini iko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku siku ya mashindano, kiwango kikipita mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Sudoefedrini pia ina kiwango chake. Msichana wa Romania, Andreea Răducan, alipokonywa dhahabu ya mazoezi ya viungo Olimpiki ya Sydney 2000 kwa sababu ya kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu yake. Alikuwa na miaka 16.

Sasa, je, nataka marufuku? Sitaki. Uingereza ilipiga marufuku jani hili Juni 2014, na waliolia ni wakulima wa Meru na familia zao. Hapa kwetu marufuku yatafanya kile yaliyofanya kwa chang'aa: bei itapanda, polisi watapata kipato kipya, na vijana watachana wakiwa wamejificha nyuma ya ukuta. Tena mtu anayesimama Mombasa na kusema "acheni muguka" bila kusema lolote kuhusu zamu ya saa kumi na mbili ya mlinzi, au boda anayelipa mwenye pikipiki kila siku, huyo hajui anaongea na nani. Watu wengi kwenye hayo mabenchi wanafanya kazi ambayo mwili wa binadamu haukuumbiwa, kwa malipo ambayo hayatoshi kulala. Wengine hawana kazi kabisa, na muguka unawauzia hisia kwamba kesho kuna kitu.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kaunti zinatoza ushuru kila gari la muguka linaloingia. Toeni sehemu ya pesa hizo, nunueni mashine za kupimia presha, mzipeleke kwenye base zenyewe pamoja na mhudumu wa afya ya jamii asiyehubiri. Wengi wetu hatujawahi kupimwa presha maishani, na presha iliyopanda haiumi. Kijana akiona kwa macho yake namba ya kabla ya kuchana na ya saa mbili baadaye, atakuwa amesoma zaidi ya mabango yote ya barabarani. Chemisti naye aulize kabla ya kutoa vidonge vya mafua: una presha? Unatafuna? Aulize kama anavyouliza umri, bila kukunja uso. Na anayemuuzia mtoto wa sare ya shule ashughulikiwe, hapo sina huruma.

Na shule. Sisi tulikariri adrenalini kwenye Biolojia, tezi juu ya figo, "kupigana au kukimbia", tukachora mchoro, tukapata alama. Kioski cha muguka kilikuwa hatua mia moja kutoka lango. Hakuna mwalimu aliyeunganisha vile vitu viwili. Nusu ya darasa letu ilikuwa inafanya jaribio la somo hilo kila Ijumaa jioni na haikujua.

Wanaochana watasema nimewasaliti. Sawa. Lakini basi angalau shikeni haya: usichanganye na vidonge vya mafua wala vinywaji vya kopo. Ukiwa na presha, ugonjwa wa moyo au mimba, hili jani si lako. Ukianza dawa yoyote ya hospitali, mwambie daktari unatafuna. Kuna antibiotiki, kama ampisilini, ambazo utafiti ulionyesha hazinyonywi vizuri ukiwa unatafuna, kwa hivyo hata jino lako linaweza kukataa kupona. Na kifua kikianza kubana, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, hiyo si handas. Nenda hospitali, na ukifika sema ukweli hata kama mamako amesimama pale.

Binamu yangu alikaa kliniki hadi asubuhi. Walimlaza chini ya uangalizi, wakampa maji, wakampa kitu cha kumtuliza, na kufikia saa moja moyo ulikuwa umerudi chini ya mia. Wiki mbili hakugusa. Kisha akarudi kazini, usiku uleule, pikipiki ileile.

Juzi alinipigia saa tisa usiku, maneno mengi, anataka tufungue biashara ya kuuza vipuri vya boda mtandaoni. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza, "Umetafuna?" Kimya. Halafu akacheka kidogo. "Ya hamsini tu, bro. Na ile ya kopo sijanunua."

Nikamwambia anywe maji, na kuhusu vipuri tutaongea mchana.